Hisa za Siku Chache: Hesabu Kabla ya Kununua

Baadhi ya vijana wetu wametuuliza habari ya kununua hisa katika Soko la Hisa la Nairobi na kuziuza baada ya siku au majuma machache, ili wapate tofauti ya bei. Wengine wameshaingia kabla ya kuuliza, kama ilivyo ada yetu.

Ndugu msomaji, hisa ni fungu katika mali ya kampuni, na mwenye hisa ni mshirika, japo kwa juma moja. Basi hapana budi ajue kampuni hiyo yachuma nini. Ya pombe haina mjadala, na benki ya riba kadhalika. Ama kuuza hisa usizozimiliki, ukitumai kuzinunua kwa rahisi baadaye, huko ni kuuza usichokuwa nacho, nasi tumekatazwa.

Yaliyobaki ni hesabu, na hapa ndipo wengi waangukapo.

Tuseme una shilingi 20,000, na hisa yauzwa shilingi 20, nawe wadhani itapanda. Kabla ya kununua, weka bei ya kutokea, yaani ile ambayo ikifika utauza bila kungoja. Tuseme shilingi 19. Kisha jiulize waweza kupoteza kiasi gani bila ya kudhurika. Wazoefu wengi hawazidishi moja katika mia ya rasilmali yao, nayo kwako ni shilingi 200. Kwa kuwa kila hisa yaweza kukupotezea shilingi moja, utasema: nitanunua 200, kwa shilingi 4,000.

La, umesahau ada! Ikiwa ada zote ni, kwa mfano, shilingi mbili katika kila mia, utatoa 80 kwa kununua na karibu ya 80 tena kwa kuuza. Bei yapasa ipande senti 80 na zaidi kidogo ndipo urudi pale ulipoanza. Na ikishuka hadi 19, hasara yako si 200 bali ni 356. Ukitaka isizidi 200, nunua hisa 112 tu. Mwenye kununua na kuuza kila juma pasina hesabu hii amtumikia dalali wake.

Tena bei ya kutokea ni azimio, si dhamana. Katika soko la Nairobi hisa nyingi zina wanunuzi haba, na siku ya kushuka huenda usimpate wa kukupokea.

Twakumbuka hisa za Safaricom. Mwaka 2008 ziliuzwa kwa umma kwa shilingi 5, na wako waliokopa benki ili wazipate. Zilipoingia sokoni tarehe 9 Juni, bei ilipita 7. Mwanzoni mwa 2009 ilikuwa chini ya 3. Aliyeuza siku zile za mwanzo alifaidika. Aliyenunua kwa 7 akashikilia, akisema "zitarudi", alihitaji bei ipande zaidi ya maradufu ndipo apate chake, na riba ya mkopo haikumngoja.

Mwenye kutaka kujifunza na afungue daftari kabla ya akaunti. Kwa miezi mitatu aandike, bila kutoa senti, hisa ambayo angeinunua, sababu yake, bei ya kununulia, bei ya kutokea na ada. Asifute palipoharibika. Kisha alete daftari lake darasani, tulisome pamoja.