Orodha za familia na tundu la WinRAR



Tangu kambi ya Bulengo na nyingine za pembeni mwa Goma zilipovunjwa mwezi wa Februari 2025, familia zimetawanyika, na sisi tunaozifuatilia tunabeba orodha zao katika kompyuta na flashi. Mna majina, namba za simu, kijiji cha asili, pengine hata nani alitoa ushuhuda katika mgogoro wa shamba. Orodha hiyo ikifika mikononi mwa mtu mbaya, aliyekubali kukaa na jirani yake wapatane anaweza kutafutwa usiku.

Ili mafaili yapite kwenye intaneti yetu dhaifu, wengi wetu tunayabana kwa WinRAR yawe furushi moja. Mwezi wa Julai 2025 wataalamu wa ESET, kampuni ya Slovakia, waligundua tundu katika programu hiyo. Adui anatengeneza furushi linaloonyesha barua moja tu, kwa mfano ya kuomba kazi. Ukilifungua, faili lingine lililofichwa linatoka nje ya folda uliyochagua na kujiweka pale Windows inapoweka programu zinazojiwasha zenyewe. Huoni kitu. Kesho ukiwasha kompyuta, nalo linaamka na kumfungulia mlango aliyelituma. Walioshambuliwa wakati ule ni makampuni ya Ulaya na Kanada, lakini WinRAR yao na yetu ni moja.

Toleo 7.13, lililotoka tarehe 30 Julai 2025, liliziba tundu. Shida ni kwamba WinRAR haijisasishi yenyewe, na hata siku 40 za majaribio zikiisha inaendelea kufanya kazi, basi hakuna anayeigusa. Mimi mwenyewe nilikuta kwenye kompyuta ninayotumia toleo la zamani kiasi cha kuwa na tundu lingine pia, lile lililotangazwa mwaka 2019 baada ya kukaa miaka 19. Niliona aibu, maana ndimo nilimoandika orodha.

Fungua WinRAR, bonyeza Aide, kisha À propos, usome namba. Ikiwa chini ya 7.13, pakua mpya kwa watengenezaji wenyewe, si kwenye flashi ya rafiki. Ni megabaiti chache tu. Simu za Android hazikuguswa na tundu hili.

Neno la siri tuendelee kuliweka, linasaidia flashi ikipotea, ila halizuii furushi lenye sumu. Likija furushi usilolitarajia, hata kwa jina la mama wa kamati unayemfahamu, mpigie kwanza umuulize kama ni yeye aliyelituma.