Kabla hajang'olewa jino

Mdogo wangu wa Kibondo, unaniambia mwanao alipotoka jino la utoto aliamka mto umeloa damu, na kwamba kaka yako alifariki mdogo baada ya kukatwa kimeo. Sikufichi: hayo mawili yakikutana katika ukoo mmoja, mimi nawaza hemofilia. Damu inakosa kitu kimoja cha kuigandisha. Mara nyingi mama hubeba, mtoto wa kiume huugua. Hakuna aliyekuroga, na mumeo asikusimange.

Sasa hilo gego linalomuuma, unalotaka ang'olewe. Mganga wa meno asiyejua habari za damu yake atamchoma ganzi nyuma ya taya la chini kama anavyowachoma wengine, na damu ikivilia huko ndani inaweza kuziba koo. Kwa hiyo useme mlangoni, kabla hajakaa kwenye kiti: "Huyu damu haikatiki, na mjomba wake alikufa hivyo." Ukiona wanaharakisha, rudia. Omba rufaa kwenda hospitali ya Maweni, na kutoka hapo Bugando ya Mwanza au Muhimbili, kwenye kliniki za hemofilia. Najua nauli ya Mwanza ni mbuzi mzima. Lakini jino lisubiri kwa parasetamo. Aspirini na diklofenaki usimpe kabisa, zinaongeza kutoka damu.

Uliza pia kuhusu asidi ya traneksamiki. Ndiyo dawa wanayopewa wazazi wanaotoka damu nyingi baada ya kujifungua, kwa hiyo si ngeni hospitalini, na hulinda damu iliyoganda kwenye kidonda cha mdomoni. Dozi aipange daktari.

Umeacha kumpigisha mswaki kwa sababu fizi zinatoka damu? Hapo umekosea, mdogo wangu. Uchafu ukikaa, fizi huvimba na damu huongezeka. Mswaki laini, dawa ya meno yenye floraidi, asubuhi na kabla ya kulala. Jino jingine la utoto likitoka, akae wima, aume kitambaa safi kilicholoweshwa, na asisukutue, maana maji huondoa damu iliyokwisha kuganda. Chai ya moto ingoje kesho. Isipokatika baada ya nusu saa, nendeni hospitali, hata kama ni usiku.

Na wewe wa Kasulu uliyeambiwa na bibi mmoja kuwa kichanga chako ana meno ya nailoni ndiyo maana anaharisha: hakuna meno ya aina hiyo. Anachokichokoa yule bibi ni chonge ambalo halijaota, na kwa mtoto wa hemofilia ncha ya kifaa chake inatosha kuua. Mpe maji ya chumvichumvi (ORS), mpeleke zahanati.

Wa Kibondo, nimebakiza moja. Binti yako mkubwa, ambaye hedhi yake huchukua siku nyingi kuliko za wenzake, apande naye basi hilohilo apimwe. Wabebaji nao wapo wanaotoka damu kupita kiasi, na huyu ana meno yake ya kung'oa na watoto wake wa kuzaa.