Usiende Kuona Ploti Siku ya Jumapili

Madalali wa ardhi wa Elburgon wanaipenda Jumapili. Watu wametoka kanisani, malori ya magogo yamepumzika, na kijito kilicho chini ya ploti kinasikika vizuri. Mteja aliyetoka Nairobi au Nakuru mjini anasimama pale, anavuta hewa ya Mau, na kabla ya kurudi garini ameshahesabu vyumba vya kupangisha. Ule ukuta wa mabati ng'ambo ya ua hauulizii. Ni kiwanda cha mbao. Jumatatu msumeno utaanza kulia kabla wapangaji wake hawajamaliza chai.

Kwa hiyo mbinu ya kwanza ni ya siku tu. Nenda Jumatatu au Jumanne, saa nne asubuhi, wakati mashine zote zinazunguka. Rudi jioni, uone wanafunga saa ngapi. Safari ya tatu iwe siku ya mvua kubwa, Aprili au Agosti, ukiwa umevaa gambuti. Nauli ya safari tatu ni ndogo ukiilinganisha na bei ya ploti ya hamsini kwa mia.

Na kimya chenyewe usikiamini. Februari 2018 serikali ilisimamisha ukataji miti katika misitu ya umma kwa siku 90, kisha marufuku hiyo ikawa inaongezwa na kuongezwa. Viwanda vingi vya huku vilifunga milango, vijana wakaenda kutafuta vibarua kwingine, na waliokuja kununua ploti miaka hiyo walidhani wamepata jirani aliyekufa. Tarehe 2 Julai 2023, Jumapili vilevile, Rais Ruto alitangaza mjini Molo kwamba marufuku imeondolewa. Kesi zilifuata mahakamani, lakini misumeno ikaanza tena kunguruma. Ukikuta kiwanda kimenyamaza, uliza kimenyamaza kwa nini. Msumeno ulioshika kutu na msumeno unaosubiri kibali ni vitu viwili tofauti.

Msimamo wangu niuseme mapema, maana yote yanayofuata yanatoka hapo. Katika suala la kelele, aliyekuja nyuma ndiye wa kujipanga. Katika suala la mto, hakuna aliyetangulia.

Nianze na mto, kwa sababu ndio unaoua. Kanuni za Kenya zinataka kingo za mto ziachwe bila ujenzi kwa mita zisizopungua 6 na zisizozidi 30 kila upande, kulingana na upana wa mto. Wengi wanaijua mita 30 kwa kusikia redioni. Wasichokijua ni mahali pa kuanzia kupima. Hupimi kutoka pale maji yalipo Januari, wakati watoto wanavuka kwa kuruka mawe. Unapima kutoka alama ya juu kabisa ambayo mafuriko yamewahi kufika. Itafute alama hiyo: majani makavu yaliyonasa kwenye waya wa seng'enge, mstari wa matope kwenye shina la mti, karatasi za plastiki zilizoning'inia vichakani juu ya kichwa chako. Halafu muulize mama anayechota maji hapo tangu ujana wake. Atakuonyesha kwa kidole, na kidole chake kina uzito kuliko ramani ya dalali.

Hati miliki haizuii maji. Hapa hapa Kaunti ya Nakuru, wakazi wa mtaa wa Kihoto, Naivasha, walihamishwa na Ziwa Naivasha mwaka 2020 na tena 2025, na baadhi yao walikuwa na makaratasi yote. Mito yetu ya Mau haina utulivu wa ziwa. Mto Molo hushuka mpaka Baringo na Mto Njoro mpaka Ziwa Nakuru, na vijito vinavyoilisha hupanda kwa saa moja na kushuka kwa saa mbili. Ukifika kesho yake utaambiwa hakukuwa na kitu.

Ile sehemu utakayoiacha kando ya maji usiione kuwa hasara. Panda mianzi, au miti ya kienyeji, au nyasi za ng'ombe ukipenda. Mikaratusi usipande; mwaka 2009 waziri wa mazingira wa wakati huo, John Michuki, aliagiza iliyo karibu na mito ikatwe kwa sababu ya jinsi inavyokunywa maji, na bado watu wanaipanda kwa tamaa ya nguzo za umeme. Shimo la choo nalo lichimbwe juu kabisa ya ploti, mbali na maji, hata kama fundi atalalamika kwamba mabomba yatakuwa marefu.

Sasa kelele. Kanuni za mwaka 2009 za kudhibiti kelele zinaweka kiwango cha desibeli 50 nje ya nyumba mchana katika eneo la makazi, na 55 pale makazi yanapochanganyika na biashara. Usiku, unaoanza saa mbili na dakika moja na kwisha saa kumi na mbili asubuhi, kiwango ni 35 kwa wote. Mchana basi kuna nafasi ya kuelewana, lakini usiku hakuna mjadala. Kiwanda kinachopasua mbao saa nne usiku kinavunja kanuni hata kama kilikuwepo kabla ya babu yako.

Pima kwa simu. Programu ya bure haitakuwa ushahidi wa kutosha mahakamani, lakini itakuonyesha tofauti kati ya kona moja ya ploti na nyingine. Mahali pa wazi, kila unapozidisha umbali mara mbili kutoka kwenye mashine, sauti hupungua kwa takriban desibeli 6. Maana yake ni kwamba kutoka mita 10 hadi 20 unapata nafuu ileile unayoipata kutoka 40 hadi 80. Kusogeza jengo mita chache ukiwa karibu na ukuta kunasaidia sana. Ukiwa mbali, mita hizohizo hazibadilishi kitu.

Halafu ligeuze jengo. Vyoo, ngazi, stoo na jikoni vielekee kiwandani. Vyumba vya kulala vielekee upande wa pili. Ukuta unaotazama mashine uwe wa mawe, uliopigwa plasta pande zote mbili, usio na matundu ya hewa yanayotazama msumeno. Nyumba ya mbao, ambayo ndiyo desturi ya mji huu na ndiyo rahisi, huipitisha sauti kama ngoma. Ua wa saiprasi hautazuia kelele, tusidanganyane. Kazi yake ni kunasa vumbi, na kazi hiyo inaifanya vizuri. Kujua upepo unapeleka vumbi wapi, tazama majani ya sukuma wiki katika bustani za majirani. Yakiwa na unga wa mbao juu yake, mifereji ya paa lako itakuwa nao pia, na hapo tangi la maji ya mvua linahitaji chujio na namna ya kumwaga maji ya kwanza.

Kabla ya kuchimba msingi, mwendee mwenye kiwanda. Usimwendee kwa ukali. Mwambie, mzee, mimi ni jirani mpya, nataka kujenga, mashine zako huanza saa ngapi? Makubaliano ya saa za kazi, za malori kuingia na za kuwasha jenereta yaandikwe, na ikiwezekana chifu au mzee wa mtaa awe shahidi. Kisha liandike neno hilohilo katika mkataba wa kila mpangaji: jirani ni kiwanda cha mbao, mashine hufanya kazi saa hizi. Mpangaji aliyeambiwa hukaa; aliyefichwa huhama mwezi wa pili akiwa na deni.

Nanyi wenye viwanda msitabasamu. Maranda yenu ndiyo kesi yenu. Yakirundikwa ukingoni, mvua huyasukuma mtoni. Yanapooza hula hewa iliyo majini, na maji hugeuka rangi ya chai ya rangi. Mabanzi nayo huziba makalavati. Aprili 29, 2024, katika kijiji cha Kamuchiri, Mai Mahiu, maji yaliyokuwa yamezibwa chini ya tuta la reli yalipasuka usiku na kuua watu zaidi ya 50. Kilichoziba kule kilikuwa uchafu uliobebwa na mafuriko, wala si mbao za mtu. Lakini Elburgon pia ina tuta la reli, na maji yake hupita chini kwa mifereji ya zamani. Banzi moja lililokaa mshazari mdomoni mwa kalavati linatosha kukusanya mengine.

Maranda yana wateja: wafuga kuku huyataka ya kutandika, na wengine huyachoma kwenye majiko na matanuri. Ukiyaacha, rundo kubwa huweza kushika moto ndani kwa ndani, likafuka kwa siku nyingi. Na kama unatibu nguzo kwa dawa ya shaba, kromiamu na aseniki, maranda ya mbao hizo hayafai kwa kuku, wala jikoni, wala karibu na maji. Weka sakafu ya zege na paa mahali pa kuzikaushia.

Kuna jambo moja linalowahusu wote wawili, mwenye ploti na mwenye kiwanda. Ardhi ya kiwanda ikibadilishwa kuwa ya makazi, hairudi tena. Kubadilisha matumizi kunahitaji kibali cha kaunti chini ya Sheria ya Mipango ya Ardhi ya 2019, na asiyeridhika na uamuzi ana siku 14 za kukata rufaa mbele ya kamati ya kaunti. Hata London, ambako maghorofa yamejaa kingo za Mto Thames, serikali imezilinda kisheria gati kadhaa za mizigo ili zisigeuzwe nyumba, kwa sababu kokoto na saruji za kujengea maghorofa hayohayo hupitia huko. Elburgon isiyo na kiwanda itakuwa na vyumba vingi na wapangaji wachache, maana wanaolipa kodi wengi wao wanalipwa na mbao.

Futi kamba ya mita 30 inauzwa katika duka lolote la vifaa vya ujenzi. Inunue kabla ya kutoa arubuni, na uende nayo Jumatatu.