Somo la Tabia Njema: Kujitia Hamnazo kwa Mambo Madogo

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), na jamaa zake, na sahaba zake.

Ama baada ya hayo, tumekusudia katika somo hili kuzungumza juu ya maradhi ambayo hayamlazi mtu kitandani wala hayampeleki kwa tabibu, lakini yamewatenga ndugu wengi katika miji yetu. Nayo ni kushika mambo madogo. Mtu amepita barazani akatoa salamu, na mmoja katika waliokaa hakuitikia. Akaenda zake ameudhika. Mwengine amekanyagwa mguu katika msongamano wa kivuko cha Likoni, wala hakuombwa radhi. Wa tatu amempelekea jamaa yake ujumbe kwa simu, akaona kuwa umesomwa na jawabu hakuna. Wa nne jirani yake amepika pilau, harufu imejaa ujia mzima, na sahani haikufika mlangoni kwake. Chumvi imezidi katika mchuzi, mtoto amemwaga chai juu ya mkeka, kondakta hakurudisha chenji. Mambo yenyewe ndiyo hayo, na hapana hata moja lililomtoa mtu damu wala lililompunguzia imani yake.

Lakini na tutazame mwisho wake. Twazijua nyumba ambazo ndugu wawili, wa baba mmoja na mama mmoja, hawaamkiani mwaka wa pili huu, na ukiuliza asili ya ugomvi utaambiwa ni mwaliko wa harusi uliofika siku ya mwisho. Mauti yakiingia katika ukoo, kila mmoja huketi upande wake, na watoto wao hukutana njiani wasijue kama waamkiane au wapitane. Jambo dogo limekula kubwa: limekula udugu. Na Mtume (S.A.W.) ametufundisha, katika hadithi iliyopokewa na Bukhari na Muslim, kuwa si halali Mwislamu kumhama nduguye zaidi ya siku tatu, na kuwa mbora katika wawili hao ni yule atakayeanza kutoa salamu. Tena imepokewa katika Sahihi Muslim kuwa milango ya Pepo hufunguliwa Jumatatu na Alhamisi, na waja wasiomshirikisha Mungu husamehewa, isipokuwa wawili wenye uadui baina yao. Hao husubirishwa mpaka wapatane. Basi na ahisabu mtu mwenyewe ni Jumatatu ngapi na Alhamisi ngapi zimempita kwa ajili ya kadi ya harusi.

Tabia iliyo dawa ya maradhi haya Waarabu huiita taghafuli, na sisi watu wa pwani tunalo neno lake, nalo ni kujitia hamnazo. Mara nyingi twalitumia neno hili kwa kulaumu, kwa yule anayeuona wajibu wake akajifanya hakuuona. Lakini kuna kujitia hamnazo kunakosifiwa: kuliona kosa dogo la mwenzio, ukalijua, kisha ukalipisha kama kwamba hukuliona. Asiyeona hana sifa katika jambo hili. Sifa ni ya aliyeona akapisha. Imepokewa kuwa Imamu Ahmad bin Hanbal alihadithiwa neno la mmoja katika watu wema, ya kwamba sehemu tisa katika kumi za salama ya mtu zimo katika taghafuli. Naye akaona kuwa zote kumi zimo humo.

Na asili ya jambo hili imo katika Qur'ani. Katika Sura ya At-Tahrim tumepewa habari ya Mtume (S.A.W.) kumpa siri mmoja katika wakeze, naye akaitoa. Mwenyezi Mungu alipomjulisha Mtume wake, yeye alimtajia mkewe baadhi ya aliyoyafanya na akayaacha mengine bila ya kuyataja. Alikuwa na hoja yote mkononi, akatumia sehemu iliyotosha kumfunza, na iliyobaki akaistahi. Sisi tukipata kosa moja la mke au la mume, hufukua na ya mwaka jana.

Tazama tena kisa cha Nabii Yusuf (A.S.). Ndugu zake wamesimama mbele yake Misri, wamekuja kutafuta chakula, wala hawamjui. Kipimo cha mfalme kimepatikana katika mzigo wa ndugu yao mdogo, nao wakasema kuwa kama huyu ameiba, basi na ndugu yake pia aliwahi kuiba zamani. Wakamsingizia uwongo usoni pake, naye ndiye mwenye amri na askari. Qur'ani yatwambia kuwa aliliweka neno lile moyoni mwake wala hakuwadhihirishia. Angaliweza kuwatia gerezani kwa neno moja, lakini alikuwa na kusudio kubwa zaidi, nalo ni kuwakusanya jamaa zake na kumpata tena babake. Mwenye kutaka kubwa hana budi kuyaacha madogo yapite.

Ama Mtume wetu (S.A.W.), maisha yake yote ni somo katika mlango huu. Anas bin Malik (R.A.) alimtumikia miaka kumi tangu angali mtoto, naye amesimulia kuwa katika muda wote huo Mtume hakupata kumguna wala kumuuliza kwa nini amefanya hili au kwa nini hakufanya lile. Nani katika sisi aliyekaa na mtumishi wa nyumbani, au kijana wa dukani, siku kumi kwa namna hiyo?

Na kisa ambacho twapenda kila mwenye nyumba akihifadhi ni cha sahani. Mtume (S.A.W.) alikuwa nyumbani kwa mmoja wa wakeze, na mke mwengine akampelekea chakula katika sahani. Yule mwenye nyumba akaingiwa na wivu, akaupiga mkono wa mtumishi, sahani ikaanguka ikapasuka. Mtume hakupiga kelele. Akaviokota vipande kwa mkono wake, akakikusanya chakula, na akawaambia waliokuwapo kuwa mama yao ameshikwa na wivu. Kisha akatwaa sahani nzima ya nyumba ile, akampelekea aliyevunjiwa, na ile iliyovunjika akaiacha pale ilipovunjwa.

Tukizingatie kisa hiki vizuri, kwani kina mafunzo mawili. La kwanza, hakulikuza jambo. Alilieleza kwa udhuru wake, akalimaliza. La pili, haki haikupotea, kwa kuwa mwenye sahani alipata sahani. Wako wanaodhani kuwa kupisha ni kukubali kunyang'anywa. Sivyo. Haki yaweza kurudi kwa mwenyewe bila ya tusi wala kununiana siku saba. Kondakta aliyesahau chenji yako, mdai kwa neno moja la upole, akikupa, chukua, asipokupa nawe una nafasi, mwachie, wala usiibebe hasira yake mpaka nyumbani ukawagawie watoto.

Hapa lazima tutenganishe mambo mawili ambayo watu huyachanganya: kunyamaza na kuachilia. Imamu Al-Ghazali, aliyekufa mwaka 505 wa Hijra (1111), ametenga kitabu kizima katika Ihyau Ulumid-din kwa ajili ya ghadhabu, kinyongo na uhasidi. Ameeleza humo kuwa ghadhabu ikizuiwa kwa sababu mtu ameshindwa kuitoa, hurudi ndani, ikakaa, ikageuka kinyongo. Na kinyongo huzaa mambo manane: uhasidi, kufurahia msiba wa mwenzio, kumhama, kumdharau, kumsema kwa yasiyo halali, kumkejeli, kumdhuru, na kumzuilia haki yake kama vile deni au kuunga udugu. Basi mtu anayenyamaza leo, kisha akaliandika kosa moyoni kama muuza duka anavyoandika madeni katika daftari, huyo hakusamehe kitu. Ameakhirisha ugomvi, na siku atakapoutoa utatoka na faida juu yake. Ndiyo sababu ugomvi wetu mwingi humshangaza anayeusikia. Huona watu wawili wakipigania ndoo ya maji mbele ya mfereji, wala haoni daftari zima lililo nyuma ya ndoo ile. Kuachilia ni kulifuta jambo katika daftari, wala si kulifunga daftari tu.

Huenda mtu akasema: "Mkinifundisha hivi nitapandwa kichwani. Wazee wamesema dawa ya moto ni moto." Twamjibu kuwa hatujapata kumwona mtu ambaye nyumba yake yaungua akawaita majirani walete moto, huita maji. Na wazee hao hao ndio waliotwambia kuwa hasira za mkizi ni furaha ya mvuvi. Tena Mtume (S.A.W.) ametubadilishia maana ya ushujaa, alipotwambia kuwa mwenye nguvu wa kweli si yule anayewaangusha watu kwa mweleka, ila ni yule anayeimiliki nafsi yake wakati wa ghadhabu. Bedui mmoja aliivuta shuka yake kwa nguvu mpaka upindo wake ukatia alama shingoni, akimtaka ampe katika mali ya Mungu. Mtume akamgeukia, akacheka, akaamrisha apewe. Je, yuko atakayethubutu kusema kuwa huo ulikuwa unyonge?

Lakini kupisha kuna mpaka wake, na mpaka huo ameueleza Bibi Aisha (R.A.): Mtume hakupata kujilipizia kisasi kwa jambo alilofanyiwa yeye mwenyewe, isipokuwa miko ya Mwenyezi Mungu ivunjwe, hapo humlipizia Mungu. Haki yako wewe waweza kuisamehe. Haki ya mwengine si yako hata uisamehe. Mali ya yatima inayoliwa si jambo dogo. Mke anayepigwa usiku si jambo dogo. Kibarua anayenyimwa ujira wake si jambo dogo. Wala asije mtu akalichukua somo hili akaenda kuwanyamazisha waliodhulumiwa, akawaambia wajitie hamnazo. Anayefanya hivyo amejitia hamnazo kule kunakolaumiwa.

Na kuna hatari ya upande wa pili, ambayo sisi tunaojinasibisha na ilimu tumo karibu nayo zaidi. Ghadhabu ya nafsi hupenda kuvaa kanzu ya dini. Mtu huudhika kwa kuwa amepingwa mbele ya watu, kisha akasema ameudhika kwa ajili ya Sunna. Bedui alipokojoa ndani ya msikiti wa Madina na watu wakamvamia kwa makelele, Mtume (S.A.W.) aliwakataza, akamwacha amalize, akaamrisha ndoo ya maji imwagwe pale, kisha akamfunza kwa upole kuwa misikiti haikuwekwa kwa jambo lile. Leo mtoto akicheka katika safu ya nyuma hufukuzwa kwa kelele zilizo kubwa kuliko kicheko chake, na pengine ikawa ndiyo mara yake ya mwisho kuja. Basi ajiulize kila mmoja wetu: lau kosa hili angalifanyiwa mwengine asiyekuwa mimi, ningalikasirika hivi? Jawabu ikiwa ni la, na ajue kuwa hasira hiyo ni yake mwenyewe.

Ama njia ya kujizoeza, twataja mambo manne.

Kwanza, wakati hamaki inapopanda, na anyamaze, na ajilinde kwa Mwenyezi Mungu na shetani aliyelaaniwa, na ikiwa amesimama akae, na ikiwa amekaa na haijamtoka alale. Yote haya yamo katika mafunzo ya Mtume (S.A.W.). Hadithi ya kutawadha wako wataalamu waliosema kuwa isnadi yake ina udhaifu; lakini maji hayajapata kumdhuru mwenye hasira.

Pili, na amtafutie mwenzake udhuru kabla ya kumtafutia kosa. Asiyeitikia salamu huenda hakusikia, au ana deni linalomtia mawazoni. Aliyesoma ujumbe asijibu huenda yuko hospitali na mgonjwa. Na aliyepika pilau huenda sahani alizohisabu hazikutosha hata jamaa zake.

Tatu, na alipime jambo kabla ya kulishika. Je, limepunguza dini ya mtu, au mwili wake, au mali yenye maana? Je, nitalikumbuka mwezi ujao pasipo kukumbushwa? Likiwa halina moja katika haya, halistahiki usingizi wa usiku mmoja.

Nne, likiwa ni lenye kuuma kweli, wala halifutiki, basi na amwendee mwenyewe faraghani akamwambie: "Ndugu yangu, jambo hili liliniumiza." Maneno haya ni mafupi, nayo yamepatanisha watu wengi kuliko vikao vya wazee. Kulipeleka barazani kabla ya kulipeleka kwa mwenyewe ni kusengenya, hata kama kila neno ni kweli.

Wala tusingoje mpaka tukoseane kwa makubwa ndipo tujifunze kusameheana. Vyombo vikaavyo pamoja havikosi kugongana, na ni katika migongano hii midogo ya kila siku ndipo moyo huzoezwa. Aliyeshindwa kusamehe chumvi katika mchuzi, siku atakayojiwa na jambo kubwa atasamehe kwa moyo upi? Na sote kesho twatumaini kusimama mbele ya Mola anayeyajua madogo yetu na makubwa yetu, huku tukiomba asituhisabu kwa kila moja.

Mwenye ndugu aliyemhama kwa jambo dogo, asingoje toleo lijalo la gazeti hili. Leo baada ya Ishaa na abishe mlango wake. Twamuomba Mwenyezi Mungu azisafishe nyoyo zetu na vinyongo, aunge baina yetu palipokatika, na atujaalie katika wale wanaosikia maneno wakayafuata yaliyo mazuri.

Wabillahi tawfiki.