Kahawa ya Nyumbani: Jinsi ya Kuchagua Chombo na Kuipika Vema

Nchi yetu hulima kahawa nyingi na kuinywa kidogo. Arabika hutoka katika miteremko ya Kilimanjaro, Mbinga na Mbozi, na robusta hutoka hasa Mkoa wa Kagera. Lakini zaidi ya sehemu tisa katika kumi za kahawa hiyo hupakiwa melini kwenda kunywewa na watu wa nchi nyingine. Sisi wa Kibaha na Kisarawe, ambao nchi yetu ni ya mikorosho, minazi na mihogo, twaijua kahawa zaidi kwa yule mchuuzi apitaye jioni akigonganisha finjani zake, au kwa kashata na kahawa chungu zinywewazo barazani penye bao. Walakini siku hizi watu wengi wataka kuipika nyumbani mwao, na dukani waona vyombo vya kila namna, vya bei ndogo na vya bei kubwa. Mtu asiyejua kazi ya kila chombo aweza kupoteza fedha yake bure, na pengine aweza kudhuru afya ya watu wa nyumba yake. Ndiyo sababu ya somo hili.

Jambo la kwanza la kufahamu ni kwamba chombo hakiwezi kuifanya kahawa mbaya iwe njema. Utamu wa kahawa hutokana na vitu vinne: buni yenyewe, namna ilivyokaangwa na kusagwa, maji, na muda wa maji kukaa pamoja na unga. Chombo kazi yake ni kuvikutanisha vitu hivi na kuvitenganisha kwa wakati wake. Basi mwenye fedha kidogo na aanze na buni njema, kisha ndipo atafute chombo.

Buni na kusaga kwake

Buni ikikaangwa hupungua uzito kama sehemu moja katika sita, maana maji yaliyomo hutoka. Kilo moja ya buni mbichi hubaki kama gramu 830. Kikombe kimoja cha kawaida, yaani mililita 180, chahitaji kama gramu 10 za unga. Kwa hesabu hiyo kilo moja ya buni mbichi hutoa vikombe 83. Nyumba yenye wanywaji wawili, kila mmoja kikombe kimoja asubuhi, itaitumia kwa muda wa siku 41. Mwenye nyumba na aiandike hesabu hii kwa bei ya soko lake, aone kama kahawa ni anasa kama watu wengi wanavyodhani.

Kukaanga kwataka moto wa wastani na mkono usiochoka kukoroga. Buni hugeuka manjano, kisha kahawia, kisha hupasuka kwa sauti kama bisi. Baada ya mlio huo ziangaliwe sana. Zikipata rangi uitakayo, zimwagwe upesi katika ungo na kupepetwa zipoe, maana zikiachwa katika chungu huendelea kuungua. Moshi wake ni mwingi, basi kazi hii ifanyike uani.

Kusaga hufuata chombo. Kahawa ya kuchemshwa katika dele yataka unga laini sana. Kahawa ya chujio yataka chembe kama mchanga. Kahawa ya jagi la kusukuma yataka chembe kubwa, kama chenga za mchele. Unga laini ukitiwa katika chujio maji hukwama na kahawa huwa chungu. Chembe kubwa zikitiwa katika dele kahawa huwa maji matupu. Anayetumia kinu na mchi atwange, achekeche, na chembe zilizobaki azirudishe kinuni. Tena kinu hicho kisitumiwe kwa vitunguu wala pilipili.

Hewa ya Pwani ni ya unyevu, na unyevu ni adui wa kahawa. Yafaa kununua kidogo kidogo, kuweka buni iliyokaangwa katika mkebe ufungwao sana, na kusaga ile tu ya siku hiyo. Kadhalika maji: maji ya kisima yenye chumvi huharibu ladha ya kahawa yo yote. Tumia maji matamu ya bomba au ya mvua iliyokingwa vizuri.

Vyombo vyenyewe

1. Dele au mdila. Hiki ndicho chombo cha wazee wetu wa pwani, chenye shingo nyembamba na mdomo mrefu. Chemsha maji kwanza, tia unga, acha yapande mara moja, ondoa motoni, kisha ngoja dakika tano mashapo yatuame. Iliki au tangawizi hutiwa pamoja na unga. Kosa la wengi ni kuyaacha yatokote saa nzima. Uchungu wa kahawa ya namna hiyo ni wa kuungua, nao si nguvu. Mchuuzi huweka dele lake juu ya makaa kwa sababu lazima auze kahawa moto tangu magharibi hata usiku. Mtu wa nyumbani hana haja hiyo. Tena angalia: dele la shaba sharti liwe limepakwa bati safi ndani. Bati likichakaa na shaba kuonekana, chombo hicho kisitumiwe mpaka kitengenezwe, maana shaba huingia katika kinywaji na kuumiza tumbo. Kwa wengi sufuria ndogo yenye mfuniko yatosha kabisa.

2. Chujio. Mwaka 1908 mama mmoja wa nyumbani katika mji wa Dresden, Ujerumani, jina lake Melitta Bentz, alichoshwa na mashapo katika kikombe chake. Akatoboa matundu katika kopo, akaweka ndani karatasi ya kukaushia wino iliyotoka katika daftari la mwanawe, akamimina maji ya moto juu ya kahawa. Kutoka jambo hilo dogo ikazaliwa biashara kubwa. Chujio la plastiki au la udongo ni rahisi, na kazi yake ni nyepesi: maji yakisha kuchemka hesabu hata thelathini, lowesha unga kwanza kwa maji kidogo, ngoja nusu dakika, kisha mimina polepole kwa kuzungusha. Dakika tatu au nne zatosha. Asiye na karatasi aweza kushona mfuko wa kitambaa cha pamba kisicho na rangi. Lakini aufue kwa maji ya moto bila sabuni kila mara, na kuuanika jua, la sivyo utanuka.

3. Jagi la kusukuma. Ni jagi la kioo lenye kichujio cha waya kisukumwacho chini kwa kijiti. Mwitaliano Attilio Calimani wa Milano aliliandikisha mwaka 1929. Tia chembe kubwa, mimina maji, ngoja dakika nne, sukuma taratibu, mimina yote. Halihitaji karatasi wala umeme. Lakini kioo huvunjika, na nyumba yenye watoto wadogo na ikumbuke hayo.

4. Birika la Kitaliano. Alfonso Bialetti alilitoa mwaka 1933. Lina sehemu tatu: maji chini, unga katikati, na kahawa hupanda juu kwa nguvu ya mvuke. Kahawa yake ni nzito na kidogo. Pembeni mwa sehemu ya chini pana kilango kidogo cha kutolea mvuke: maji yasikipite, wala kisizibwe, wala unga usishindiliwe, maana mvuke ukikosa njia chombo chaweza kupasuka.

5. Mtambo wa umeme. Huu ni chujio lile lile, ila umeme humimina maji badala ya mkono. Mtambo wa wati 1,000 ukifanya kazi dakika sita hutumia sehemu moja ya kumi ya uniti. Birika la umeme likichemsha lita moja hutumia karibu kiasi hicho hicho. Basi mtambo haupunguzi gharama ya umeme. Unachokupa ni mikono mitupu wakati kahawa ikipikwa. Na umeme ukikatika, mtambo husimama, bali chujio la mkono litakubali maji ya jiko lo lote.

6. Kahawa ya kuyeyuka. Hii haina chombo illa kijiko. Kiwanda cha Tanica cha Bukoba huitengeneza kwa kahawa ya huko huko. Ladha yake ni pungufu kuliko kahawa iliyosagwa asubuhi ile, lakini kwa msafiri au mtu apikiaye yeye peke yake si ya kudharauliwa.

Moto

Hapa twataka msomaji asome polepole. Mkaa uwakao hutoa hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu. Wakati wa masika, mvua inyeshapo alfajiri, watu wengine huingiza jiko la mkaa chumbani, wakafunga madirisha, wakaweka birika juu yake ili wapate kahawa na joto pamoja. Hewa ile humtia mtu usingizi na kuumwa kichwa, na mwenye kulala haamki tena. Kila mwenye nyumba na aweke sheria hii: jiko la mkaa halilali ndani, wala haliwashwi mahali palipofungwa, ijapokuwa ni kwa dakika kumi.

Tena mkaa una gharama isiyoandikwa katika daftari la duka. Misitu ya Pugu na Kazimzumbwi, iliyo karibu na Kisarawe, imekatwa miaka mingi kwa ajili ya mkaa wa Dar es Salaam na vitongoji vyake. Mwezi Mei 2024 Serikali ilizindua mpango wa miaka kumi, nia yake asilimia 80 ya wananchi watumie nishati safi ya kupikia ifikapo mwaka 2034. Kuwasha jiko zima la mkaa kwa ajili ya vikombe viwili ni hasara; anayetumia mkaa na apike kahawa wakati ule ule wa uji, au ahifadhi maji ya moto katika chupa ya chai.

Afya

Kahawa iliyochemshwa, na ile ya jagi la kusukuma, hubaki na mafuta ya buni ambayo huzidisha mafuta mabaya katika damu ya mtu anywaye vikombe vingi kila siku. Karatasi huyazuia mengi ya mafuta hayo. Basi mtu aliyeambiwa na daktari kwamba mafuta ya damu yake yamezidi na achague chujio la karatasi.

Mama mjamzito na apunguze kahawa. Madaktari wengi humwambia asipite miligramu 200 za kafeini kwa siku, ambazo ni kama vikombe viwili vya chujio. Na robusta ina kafeini karibu mara mbili ya arabika. Kwa hiyo yapasa kujua umenunua ipi. Tena kahawa ikinywewa pamoja na chakula huzuia mwili kupata madini ya chuma yaliyomo katika maharage na mboga za majani. Mwenye upungufu wa damu na ainywe saa moja mbali na chakula. Watoto wasipewe. Na mwenye kukosa usingizi asinywe baada ya saa tisa alasiri.

Namna ya kuchagua

Tutazame nyumba tatu. Mwalimu wa Kibaha mwenye umeme, atokaye alfajiri kuwahi basi, na achukue birika la umeme na chujio la mkono. Mtambo angoje mpaka wanywaji wawe wanne au zaidi. Mkulima wa Maneromango apikiaye kwa mkaa na atumie sufuria yake na mfuko wa kitambaa, na fedha iliyosalia anunue buni njema na mkebe mzuri. Wazee wawili wa Mlandizi, mmoja wao akiwa na maradhi ya moyo, na wanunue karatasi za chujio kabla ya chombo cho chote cha kupendeza, tena wamwulize daktari kiasi cha kunywa.

Katika nyumba zote tatu swali ni moja, nalo si chombo kipi kinachong'aa. Swali ni hili: Nani anywa, anywa vikombe vingapi, nyumba ina moto gani, na nani atakiosha? Anayeweza kujibu hayo manne kabla ya kuingia dukani atatoka na chombo kinachomfaa. Asiyeweza, na anywe kwanza kwa sufuria mwezi mmoja, kisha achague. Sufuria anayo tayari, na kahawa haitamkimbia.