Dawa ya kikali si kikali

Neno "kali" tunalitumia kwa mambo mawili. Maji ya betri ni makali, na matusi ya mtu mwenye hasira ni maneno makali. Waingereza nao zamani waliita asidi ya salfa "vitriol", na leo neno hilo kwao ni maneno ya chuki na matusi. Vyote viwili huunguza.

Wiki hii tuangalie vikali vya nyumbani: maji ya betri, dawa za kusafishia vyoo, na kostiki soda ya kupikia sabuni na kuzibulia mabomba. Kostiki huyeyusha mafuta na nyama ya mwili, ikazama ndani. Aliyeungua anaweza asisikie maumivu makubwa mwanzoni, kumbe inaendelea kumla.

Wahenga walisema dawa ya moto ni moto. Hapa msemo huo utakuponza. Aliyemwagikiwa asidi asipakwe magadi, na aliyemwagikiwa kostiki asipakwe siki wala ndimu. Vikali viwili vikikutana hutoa joto, na jeraha huongezeka. Unga mkavu upanguswe kwanza, nguo zilizolowa zivuliwe, kisha mwagia maji safi yanayotiririka kwa dakika 20 au zaidi. Jicho lishikwe wazi maji yapite. Mtoto akinywa kikali, asitapishwe, kwani kitamuunguza koo mara ya pili. Mpeleke hospitali haraka.

Dawa ya choo yenye asidi isichanganywe na dawa ya klorini ya kung'arisha nguo, kwani hutoka hewa ya sumu inayobana pumzi. Unapopika sabuni, tia kostiki kwenye maji, si maji kwenye kostiki. Wala usihifadhi kikali katika chupa ya soda au ya maji ya kunywa.

Na maneno makali je? Mmoja akitukana, mwingine akajibu kwa tusi, joto linazidi, na anayeungua ni mtoto anayewasikiliza. Huenda asilie, lakini limezama. Nyamaza kwanza, ondoka hapo, ukachukue udhu. Mazungumzo yafuate baadaye, na mtoto aambiwe kwamba kosa si lake.

Leo kabla ya kulala, kagua chini ya sinki na uvunguni. Kila kikali kipandishwe juu na kufungiwa.