Shamba langu liko Wang'uru: nitailindaje bahari?

Swali: Nalima mpunga hapa Mwea. Bahari iko mbali. Je, mimi nayo tunahusiana vipi?

Jibu: Mnahusiana sana, ndugu msomaji. Maji ya majaruba yako hurudi mitoni na kuingia Mto Thiba. Thiba humwaga katika bwawa la Kamburu kwenye Mto Tana, nao Tana huishia Kipini, kwenye ghuba ya Ungwana ambako wavuvi hutega kamba. Mabwawa huzuia sehemu ya tope, lakini mbolea iliyoyeyuka na chupa zinazoelea zaweza kupita.

Anza na chupa ya dawa. Ikiisha, isuuze mara tatu, kila mara ukimimina maji hayo ndani ya bomba la kupulizia, kisha itoboe isitumike tena. Bomba lisioshwe mferejini.

Ukishatia mbolea au dawa, ziba mlango wa jaruba kwa siku chache. Mbolea ifae mpunga wako badala ya kurutubisha magugu ya mtoni. Acha nyasi ukingoni zishike udongo. Oili chafu ya trekta ipeleke gereji inakokusanywa.

Ukifanya hivyo, unamlinda jirani anayechota maji chini yako, na mvuvi wa Kipini pia.